Kadi, madaftari na sauti za mjomba: namna ya kuanzisha makumbusho ya mtandaoni ya redio ya ridhaa

Swali limetoka kwa msomaji wa Mombasa: "Mjomba wetu, fundi wa mitambo ya simu aliyekuwa pia mwendeshaji wa redio ya ridhaa (mawasiliano ya redio ya kujipendea, yasiyo ya malipo) tangu miaka ya 1960, amefariki na kutuachia makasha manne. Ndani yake mna kadi za QSL, zile za kuthibitisha mawasiliano ya redio, zipatazo 1,500, madaftari ya mawasiliano, barua, tepu za riili, redio ya kupokelea ya Eddystone 840 na mtambo wa kurushia mawimbi wa KW 2000. Vijana wa ukoo wanataka tuanzishe makumbusho ya mtandaoni, na tayari wameanza kuweka picha Facebook. Wakati huohuo kuna mtu anayetaka kununua vyombo vyote viwili. Tuanzie wapi, tuchapishe nini, na huyu mnunuzi tumjibu nini?"

Poleni kwa msiba, nanyi mmefanya vyema kuuliza kabla makasha hayajagawanywa. Ombi langu la kwanza ni kwamba kazi ya kupiga picha isimame kwa majuma machache. Kinachopotea upesi zaidi katika urithi wa namna hii ni mpangilio ambao mwenyewe aliuacha: kadi zipi alizifunga pamoja, barua ipi aliichomeka katika ukurasa upi wa daftari, tepu ipi ilikaa katika bahasha ya nani. Kijana mwenye nia njema akizimwaga kadi sakafuni ili achague zenye picha za kuvutia, huwa amefuta kwa saa moja habari ambazo hakuna chombo kitakachozirudisha. Kwa hiyo fungueni kasha mojamoja na kulipiga picha kama lilivyo kabla ya kugusa kitu. Kila kasha lipewe herufi, kila bunda lililomo lipewe namba, kisha namba hizo ziandikwe kwa penseli kwenye bahasha za karatasi na kamwe si juu ya kadi zenyewe. Mipira ya kufungia, pini na vibanio vya chuma viondolewe, kwa maana katika hewa ya chumvi ya Pwani chuma hushika kutu na kutu hiyo huhamia kwenye karatasi. Msizitie kadi plastiki ya moto kwa kudhani kwamba mnazilinda. Kadi iliyokwisha kufanyiwa hivyo haiwezi tena kutenganishwa na plastiki bila kuharibika.

Baada ya hapo wengi wangeanza na kadi, kwa kuwa zina rangi na watoto huzipenda. Mimi ningeanza na madaftari. Leseni za redio ya ridhaa zilizofuata mtindo wa Uingereza zilimlazimu mwendeshaji kuandika kila aliporusha mawimbi: tarehe, saa, masafa, namna ya mawasiliano na alama ya wito, yaani herufi na namba zinazokitambulisha kituo hewani, ya yule aliyewasiliana naye. Ndiyo maana daftari huonyesha hata usiku aliopiga mwito na asijibiwe na mtu, majaribio ya antena mpya, na miezi mizima ya kimya ambayo pengine ni safari, ugonjwa au uhamisho wa kikazi. Kadi haina habari hizo. Kadi ni uthibitisho unaotumwa na mtu wa upande wa pili kwamba mawasiliano yalifanyika, na mara nyingi hufika baada ya miezi au hata miaka, hasa inapopitia katika ofisi za vyama vya kitaifa ambavyo hukusanya kadi na kuzisafirisha kwa mafungu ili kupunguza gharama ya posta. Nyingine hazifiki kabisa. Ukiliweka daftari kando ya kadi, kila mstari wa daftari hupata ushahidi wake, na kila kadi hupata siku na saa yake katika maisha ya mtu. Huo ndio uti wa mgongo wa makumbusho mnayoyafikiria.

Hapa pana jambo ambalo warithi wengi hawalitambui hadi wamefika mbali katika kazi. Kadi 1,500 mlizo nazo ni kazi ya mikono ya watu wengine, nazo zinasimulia nyumba zao, antena zao na miji yao. Kadi za mjomba wenyewe, zenye alama yake ya wito na huenda picha ya bandari au ya ndovu, zimo katika makasha ya watu wa Japani, Ujerumani, Marekani na kwingineko. Kwa hiyo nusu ya historia yake iko ng'ambo, na faida kubwa ya makumbusho ya mtandaoni kuliko chumba chenye makabati ni kwamba nusu hizo mbili zinaweza kukutanishwa bila mtu yeyote kutoa kadi yake. Vienna, nchini Austria, kuna hazina iitwayo Dokumentationsarchiv Funk, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na mtangazaji Wolf Harranth. Inahifadhi mamilioni ya kadi, nyingi kati ya hizo zikiwa zimetoka kwa warithi wa waendeshaji waliofariki katika nchi mbalimbali. Waandikieni, muwape alama ya wito ya mjomba na miaka aliyokuwa hewani, na muulize kama wana kadi yake.

Hazina ya pili ya kutazama ni maktaba ya kidijitali ya redio ya ridhaa na mawasiliano iliyoanzishwa na Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni iliyoko San Francisco, mwaka 2022, inayojulikana kwa kifupi chake cha DLARC. Humo mna majarida, vijarida vya vilabu, vitabu vya maelekezo ya mitambo na orodha za zamani za alama za wito duniani, na vyote husomwa bila malipo. Chanzo cha fedha zake kinastahili kutajwa, maana ni kisa cha ajabu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waendeshaji wa ridhaa waliokuwa wakijaribu kuunganisha kompyuta kwa redio walitengewa anwani za intaneti zipatazo milioni 16, zile zinazoanzia na namba 44, wakati ambapo hakuna aliyedhani kwamba anwani hizo zingepata thamani. Mwaka 2019 robo yake, yaani anwani zaidi ya milioni 4, iliuzwa kwa kampuni ya Amazon, na fedha zilizopatikana zikawa mtaji wa taasisi ya ARDC, ambayo ndiyo iliyoipa Internet Archive ruzuku ya kuanzisha maktaba hiyo. Katika orodha za alama za wito zilizowekwa humo mnaweza kumtafuta mjomba mwaka kwa mwaka, mkaona alipoanza kuorodheshwa, alipohama na jina lake lilipoondolewa.

Ili muone jinsi historia ya redio ya Afrika Mashariki ilivyotawanyika, fikirieni msafara wa mwaka 1947 na 1948 ulioongozwa na Mwitaliano Attilio Gatti na kufadhiliwa na kampuni ya redio ya Hallicrafters ya Chicago. Msafara huo ulianzia Mombasa kwa magari yaliyobeba kituo kamili cha redio, ukielekea milima ya Ruwenzori, na njiani waendeshaji wawili Wamarekani walizungumza na wenzao duniani kote kwa alama za wito za muda, mojawapo ikiwa VQ4EHG ya Kenya. Matangazo ya biashara ya kampuni, makala za majarida na kadi zao zimehifadhiwa vizuri Marekani. Kwetu, hata mtu aliyezaliwa na kukulia Mombasa anaweza asiwe amewahi kusikia kwamba msafara ule ulishukia bandarini kwake. Tena, picha za misafara ya aina ile zina kasoro moja inayojirudia: Mzungu aliyekaa mbele ya kipaza sauti hutajwa kwa jina na alama ya wito, ilhali Waafrika waliobeba betri, kusimamisha milingoti na kuendesha magari huandikwa "wenyeji" au hawaandikwi kabisa. Katika picha za mjomba wenu hakika mtakuta watu wa namna hiyo. Watafutieni majina sasa, wakati wazee wanaoweza kuwatambua bado wako hai, kwa sababu hii ni kazi ambayo maktaba ya Vienna au San Francisco haiwezi kuwafanyia.

Mtakapoanza kupanga kadi, mtakuta kwamba nyingi hazikuandikwa mwaka, au tarehe yake haisomeki. Alama za wito zitawasaidia sana. Kabla ya uhuru, Kenya ilitumia VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1; baada ya uhuru zikaja 5Z4, 5H3, 5X5 na 5H1 kwa mpangilio huohuo. Kongo ilitoka OQ5 ikawa 9Q5. Ruanda-Urundi ina kisa kifupi zaidi: chama cha waendeshaji wa Marekani, ARRL, kiliihesabu chini ya alama ya 9U5 kuanzia Julai 1, 1960 hadi Juni 30, 1962 tu, kisha nchi mbili zikazaliwa, Burundi ikibaki na 9U5 na Rwanda ikipewa 9X5. Ukishika kadi ya 9U5 ya miaka hiyo miwili, umeshika karatasi ya nchi iliyokuwa ukingoni mwa kutoweka. Zanzibar nayo iliendelea kuhesabiwa peke yake katika tuzo ya DXCC ya chama hichohicho, tuzo inayotolewa kwa anayethibitisha mawasiliano na nchi au maeneo 100, hadi Mei 31, 1974. Kwa maneno mengine, orodha ya wapenda redio iliutambua Muungano wa 1964 kwa kuchelewa miaka kumi, na kwa miaka hiyo yote kadi ya Zanzibar ilitafutwa kwa udi na uvumba na watu ambao wasingeweza kukionyesha kisiwa hicho kwenye ramani.

Vidokezo vingine vimo katika maandishi madogo ya kadi. Ripoti ya tarakimu tatu iitwayo RST, inayopima usikivu, nguvu na sauti safi ya mawimbi, ilibuniwa mwaka 1934, hivyo kadi yenye ripoti hiyo haiwezi kutangulia mwaka huo. Masafa yaliyoandikwa Mc au Mc/s, yaani mizunguko milioni kwa sekunde, huelekeza kwenye miaka ya 1960 au kabla yake, kwa kuwa kipimo cha heezi kilichochukua nafasi yake kilikubaliwa kimataifa mwaka 1960 na kikachukua muda kuzoeleka. Maneno "AM" na "SSB", mifumo miwili ya kurusha sauti, husaidia pia, kwani katika miaka ya 1950 na 1960 waendeshaji wengi walihama kutoka mfumo wa kwanza kwenda wa pili. Na ikiwa kadi inataja masafa ya megaheezi 10, 18 au 24, mawasiliano hayo yalifanyika baada ya mkutano wa Geneva wa 1979 uliowapa waendeshaji wa ridhaa masafa hayo. Kila mnapokadiria mwaka kwa njia hizi, andikeni kwamba ni makadirio na mtaje sababu. Mtafiti atakayekuja baadaye atawashukuru kwa sababu hiyo kuliko kwa tarehe yenyewe.

Saa ni mtego wa peke yake. Desturi ya redio ya ridhaa ni kuandika saa za GMT, lakini si kila mtu aliifuata kila siku. Mawasiliano yaliyofanyika Mombasa saa nane usiku ni saa 23 GMT ya siku iliyotangulia, kwa hiyo daftari lililoandikwa kwa saa za nyumbani litapishana siku nzima na kadi iliyotoka Marekani, na mtu asiyejua atadhani mmoja wao alikosea. Kama katika makasha hayo mna karatasi za watu waliomtangulia mjomba, kumbukeni pia kwamba kwa kipindi fulani cha ukoloni saa ya Kenya iliizidi GMT kwa saa 2 na dakika 45, wala si saa 3 kamili kama ilivyo leo. Ikiwa mjomba alikuwa na mazoea ya kuandika pembeni "saa mbili usiku" kwa hesabu yetu ya Kiswahili, nukuuni alivyoandika, kisha muweke saa ya GMT katika safu nyingine. Msisahihishe maandishi yake ndani ya nukuu.

Kuhusu kuskani nitakuwa mfupi, maana maelezo ya kiufundi yanapatikana kwa urahisi. Tumieni skana bapa, si simu. Skanini pande zote mbili za kila kadi kwa nukta 600 kwa inchi, na muhifadhi nakala kuu kwa muundo wa TIFF, kisha kutoka humo mtoe nakala nyepesi za JPEG za kuonyesha mtandaoni. Kadi ya kawaida ina sentimita 14 kwa 9, na kwa kiwango hicho kila upande huchukua megabaiti 21 hivi, hivyo kadi zenu zote zitahitaji gigabaiti 63 tu, nafasi ambayo hadi diski ndogo ya nje inaitosheleza. Madaftari yanatosha kwa nukta 400. Upande wa nyuma wa kadi, ambao vijana huuruka, ndio wenye salamu za mkono, mihuri na maelezo ya mitambo, na mara nyingi ndio wenye thamani kubwa zaidi.

Kazi inayochosha, na ambayo vilabu vingi hukatia tamaa, ni ya kuandika maelezo. Picha isiyo na maelezo haitafutiki, na kitu kisichotafutika mtandaoni hakina tofauti na kilichobaki kashani. Tengenezeni jedwali moja la kawaida lenye safu chache ambazo mtaweza kuzijaza kwa uaminifu hadi mwisho: namba ya kitu, kasha na bunda kilimotoka, alama ya wito ya mtumaji, alama ya mpokeaji, tarehe, saa ya GMT, masafa, namna ya mawasiliano, mahali, na hali ya hakimiliki. Ongezeni safu moja ya maelezo huru. Jina la faili lifuate namba ya kitu, kwa mfano B-03-0127-nyuma, ili hata jedwali likipotea faili ijieleze yenyewe. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na kwa Kiingereza pale mtakapoweza, kwa sababu watafutaji wa ng'ambo wataingia kwa alama ya wito, ambayo haina lugha, lakini wajukuu wa Majengo na Likoni wataingia kwa maneno yao wenyewe.

Sasa niingie katika suala la mchapishe nini. Kadi ya QSL kwa kawaida ina jina na anwani ya nyumbani ya mtu. Ilipotumwa miaka ya 1970 ilikusudiwa kusomwa na mtu mmoja, na pengine watumaji wengine bado wanaishi katika nyumba hizohizo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawapa watu walio hai haki juu ya taarifa zao, na hata kama makumbusho yenu ni madogo, adabu pekee inatosha kuwaongoza: alama ya wito ionyeshwe, anwani ya nyumbani na namba ya simu zifunikwe katika nakala ya mtandaoni, nakala kuu ibaki kamili nje ya mtandao. Barua zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu karatasi ni mali yenu lakini hakimiliki ya maneno ni ya aliyeandika na warithi wake, nayo nchini Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa picha za fotografia, miaka 50 huhesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kuchapishwa, ukichukuliwa ule wa karibuni zaidi. Barua zinazotaja magonjwa, madeni, ndoa au siasa za watu walio hai zisipandishwe kwanza. Wekeni pia anwani ya barua pepe inayoonekana wazi, ili mtu akilalamika juu ya kadi ya babake muiondoe mara moja na mazungumzo yafuate baadaye.

Tepu za riili ndizo zinazokimbizana na wakati. Nusa kila boksi: tepu inayotoa harufu ya siki imeanza kuoza, nayo itengwe na nyingine na ipewe nafasi ya kwanza. Tepu za miaka ya 1970 na 1980 nyingine hunata. Zikichezwa zikiwa katika hali hiyo, tabaka lenye sauti hubanduka na kubaki kwenye vichwa vya mashine, na hapo hakuna marudio. Msizijaribu kwa tepu rekoda ya zamani iliyokutwa kashani. Tafuteni studio au idara ya nyaraka yenye mashine iliyotunzwa, na muombe nakala ya WAV ya biti 24 na kiloheezi 96, bila kusafishwa kelele. Mngurumo na mikwaruzo ya mawimbi mafupi ni sehemu ya ushahidi. Nakala iliyosafishwa inaweza kutolewa baadaye kwa wasikilizaji, ya asili haiwezi kurudishwa. Ikiwa tepu zina mjomba akipiga msimbo wa Morse, mna kitu adimu sana, maana kila mwendeshaji alikuwa na mwendo wake wa mkono uliotambulika na wenzake kabla hata hajataja alama yake, na tangu mkutano wa kimataifa wa 2003 uliporuhusu nchi kuacha kulazimisha mtihani wa Morse, mikono ya namna hiyo inapungua.

Pamoja na tepu, rekodini wazee. Watafuteni waliofanya kazi naye katika mitambo ya simu, majirani waliolalamika kwamba televisheni zao zinaingiliwa, mafundi waliomchomea mlingoti. Shangazi yenu mumpe nafasi ya peke yake, kwani katika mazungumzo ya aina hii mke wa mwendeshaji ndiye anayejua ni saa ngapi za usiku mtambo uliwashwa, nani alikuja nyumbani na fedha za valvu zilitoka wapi. Ulizeni maswali mafupi, mwacheni mtu amalize, na kabla ya kuanza rekodi mpate idhini yake, iwe kwa maandishi au kwa sauti, juu ya wapi itasikika. Kama mna nafasi ya kukusanya ya leo pia, fanyeni hivyo. Tangu Novemba 2018 kuna setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyobeba mtambo wa waendeshaji wa ridhaa uitwao QO-100, ambao Afrika Mashariki yote inauona wakati wote, na mawasiliano yake mengi huthibitishwa kwa kompyuta bila kadi. Historia ya miaka hii itakuwa ngumu kuiokoa kuliko ya mjomba.

Kuhusu Facebook, itumieni kama mbao za matangazo na si kama makumbusho. Hupunguza ubora wa picha, hufuta taarifa zilizofungwa ndani ya faili, hutaka msomaji ajisajili, na hairuhusu mtu kutafuta kwa alama ya wito na mwaka. Waendeshaji wengi wa miaka ya 1990 walijenga kurasa zao GeoCities, na ilipofungwa mwaka 2009 zilizonusurika ni zile tu ambazo watu wa nje waliwahi kuzinakili. Nawashauri tovuti rahisi, ama iliyojengwa kwa Omeka, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya makumbusho na maktaba, ama hata kurasa za kawaida zisizo na hifadhidata kama hamna fundi wa kuzihudumia mwaka hadi mwaka. Mimi ningechagua kurasa za kawaida. Ni machache mambo yanayoharibika. Nakala ya kila kilicho halali kuchapishwa iwekwe pia Internet Archive. Nakala kuu ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa katika mji mwingine, na kila mwaka mtu mmoja azifungue kuhakikisha kwamba faili zinasomeka. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kikundi, na nywila zijulikane na watu wawili wasioishi nyumba moja, kwa sababu makumbusho mengi ya mtandaoni ya redio hufa pamoja na mwanzilishi wake pale kadi yake ya benki inapokoma kulipa.

Mwisho, vyombo. Kwanza kabisa, mtu yeyote asiviwashe. Eddystone 840 ilitengenezwa Birmingham itumike kwa umeme wa AC na wa DC, na kwa sababu hiyo fremu yake ya chuma imeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa nyumbani. Plagi ikigeuzwa, skrubu ya kitufe inaweza kumpiga mtu kwa volti 240. KW 2000, iliyotoka kwa KW Electronics ya Dartford, ina mamia ya volti ndani, na kapasita zake zinaweza kushikilia chaji hata baada ya kuchomolewa. Kapasita za umri huo zikipewa umeme wa ghafla hupasuka na kuunguza transfoma, na thamani ya chombo huanguka hapohapo. Vipigeni picha kila upande, ndani na nje, kabla ya kufuta hata vumbi. Andikeni namba za utambulisho, na mtafute alama za mkono wake: waya aliouongeza, karatasi aliyobandika ndani ya kifuniko, namba alizochora pembeni ya piga. Marekebisho hayo hushusha bei sokoni, nayo ndiyo yanayokifanya chombo kuwa chake.

Mnunuzi mjibuni kwamba hamtauza kabla kazi hiyo haijakamilika, na mtu mwenye nia ya kweli atangoja. Eddystone 840 zilitengenezwa nyingi na bado zinapatikana, kwa hiyo mkiwa na haja ya fedha za skana na za studio ya tepu, kuiuza si kosa. KW 2000 ningeibakisha, kwa kuwa ndiyo iliyorusha mawasiliano yaliyoandikwa katika madaftari. Na hata mkibadili nia, ni mtambo wa kurushia mawimbi, hivyo ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya juu ya leseni ya anayeupokea kabla haujatoka nyumbani. Katika mauzo yoyote, vipaza sauti, ufunguo wa Morse, leseni, vitabu vya maelekezo vyenye maandishi yake na madaftari visiingizwe kama nyongeza ya bure, jambo ambalo wanunuzi huliomba wakati bei imekwisha kukubaliwa. Mwandikiane pia kwamba mnunuzi atawajulisha akikiuza chombo kwa mwingine, na kwamba jina la mjomba na alama yake ya wito vitabaki vimebandikwa ndani ya kifuniko.